Mshale Uliokuwa Bado Unapanda

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu Skolastika, na kwa kuwa kesho unateremka bondeni kuanza kazi kwenye kisima, acha nikusimulie kabla hujafunga begi. Weka hiyo simu chini. Hao washikaji wako wa mjini watakungoja, mimi miaka yangu haingoji. Na usianze kunitajia methali ya haraka na baraka. Naijua. Nilikuwa naijua na siku ile pia, na haikunisaidia kitu.

Nilikuwa kijana wa umri wako, mwembamba, msemaji, na nimetoka chuoni na cheti kipya. Bonde la Rukwa lilikuwa limeingiwa na wageni na mtambo wa kuchimba, wanatafuta mafuta na gesi. Wafipa tuliokuwa kwenye kibanda cha vipimo tulikuwa wawili tu: mimi, na mzee mmoja wa Msanzi aliyeitwa Pankrasi. Mzee Pankrasi ndiye aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi. Mtu mfupi, mkimya, kofia ya sufu kichwani hata kule bondeni kwenye joto la kuchemsha yai. Nilimcheka sana kwa ile kofia. Mungu anisamehe.

Kazi yetu ilikuwa hivi, na wewe umeisoma vizuri kuliko mimi, lakini vumilia. Ukishachimba, huwezi kuingia shimoni kutazama kilichomo kwenye mwamba. Kwa hiyo unashusha kifaa kwa waya. Kikifika kina unachotaka, kinajibana kwenye ukuta wa shimo na kunyonya tone dogo tu la kilichomo. Presha inaanguka, halafu inaanza kupanda tena polepole, mpaka itulie. Ikitulia, hiyo ndiyo presha yenyewe ya pale. Unaiandika. Unashusha kifaa tena, unabana tena, unangoja tena. Mwisho unakuwa na nukta zako kwenye karatasi ya vijimraba, kina kinakwenda chini, presha inakwenda kando, na unaziunganisha kwa rula.

Hapo ndipo penye utamu. Maji ni mazito, kila ukishuka presha yake inaongezeka kwa hatua kubwa, na mstari wake unalala. Mafuta ni mepesi zaidi, hatua zake ni ndogo, mstari unainuka. Gesi ndiyo nyepesi kabisa, mstari wake karibu usimame wima. Mtu anayejua kusoma mlalo wa ule mstari anaweza kukwambia kilichomo ndani ya mwamba kabla hata kikombe kimoja hakijatoka. Mimi nilipofundishwa jambo hilo nilijiona mganga. Loo, nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa, Mzee Pankrasi alikuwa na desturi yake. Mshale wa presha kwenye kipimo cha kibandani ukionekana umetulia, yeye hakuandika. Alitoa rozari mfukoni, akasali Salamu Maria kumi bila haraka, kisha akatazama tena. Ukiwa umesogea hata unywele, alianza nyingine kumi. Wageni walimzoea, wakamwacha. Mimi nilimwona mshamba. Nilikuwa na saa ya mkononi, jamani, tena inayong'aa. Rozari ya nini?

Basi ikafika siku hiyo ninayokwambia. Mzee Pankrasi aliamka na homa, akabaki kitandani, na mimi nikapewa kibanda peke yangu. Tulikuwa na vituo saba vya kupima ndani ya shimo. Vitatu vya juu vilikuwa kwenye mchanga mzuri, presha ilitulia mara moja. Vinne vya chini vilikuwa kwenye mwamba mgumu, uliobana, na mshale ulipanda kwa uvivu wa konokono. Nilikaa nikautazama. Unapanda. Nikaangalia saa. Unapanda. Nikawaza, kifaa kikibanwa muda mrefu ukutani kinaweza kunasa, na kikinasa ni mimi nitakayelaumiwa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, sikuitunga. Lakini nikikwambia kwamba ni hofu tu nitakuwa nakudanganya, na nimekuketisha hapa ili nisikudanganye. Nilikuwa nataka kuuona ule mstari. Nilikuwa nataka mafuta, mwanangu. Nyumbani Mollo kila nikirudi naulizwa, "Fulgensi, mmepata?" Mama ananiuliza, jirani ananiuliza, katekista ananiuliza mbele ya kanisa. Nilichoka kusema bado. Nikajiambia ngoja ngoja huumiza matumbo, nikaandika namba mshale ukiwa bado safarini, nikakibandua kifaa na kushuka chini zaidi. Nikafanya hivyo mara nne.

Sasa fikiri, wewe msomi. Presha ambayo haijamaliza kupanda ni presha pungufu. Nukta zangu nne za chini zote zilikuwa pungufu. Ukipunguza za chini na kuziacha za juu kama zilivyo, mstari unafanya nini? Unainuka. Unajifanya mstari wa mafuta. Na hazikupangana vizuri, nakiri. Moja ilikaa pembeni kabisa, nikaifuta kwa kifutio. Zilizobaki, rula ikilazimishwa hupita.

Nilipiga kelele mle kibandani peke yangu. Mafuta! Nikapeleka karatasi kwa mkuu wa kisima, akaitazama, akaguna, akaipokea. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ndilo lililoniuma kuliko la kwanza. Kulikuwa na lori linapandisha kwenda Sumbawanga kuchukua mahitaji. Nikachukua karatasi nyingine ya vijimraba, nikanakili ule mstari wangu kwa kalamu ya wino, nikaandika chini yake, "Kaka Deogratias, haya ni mafuta, tumepata," nikampa dereva aifikishe nyumbani. Deogratias huyo ndiye baba yako; alisoma darasa la saba, grafu hakuijua. Lakini maneno aliyajua.

Siku kumi baadaye Mzee Pankrasi akapona, akarudi kibandani. Alivuta lile karatasi refu la mashine, ambalo kalamu huchora jinsi presha inavyoanguka na kupanda, akaliangalia kituo kwa kituo, grafu yangu aliyoichukua kwa mkuu ikiwa kando, kidole kikifuata wino. Alipofika kituo cha nne akasimama. Cha tano akasimama.

Akasema, "Kijana. Huu mshale ulikuwa bado unapanda."

Nikasema, "Mzee, ulikuwa umekaribia. Na niliogopa kifaa kisinase."

"Kunasa ni hatari, ndiyo. Mimi mwenyewe naogopa. Basi ungebandua, ukaandika pembeni neno moja, 'bado'. Nani alikukataza kuandika bado?"

Akaendelea, sauti ileile ya chini, "Hapa umeandika namba kana kwamba mwamba umekujibu. Mwamba ulikuwa bado unazungumza, wewe ukaondoka. Na hii nukta uliyoifuta, ilikukosea nini?"

Ningependa kukwambia nilikubali palepale. Wapi! Nilibisha. Nilimwambia yeye ni mtu wa zamani, kwamba kazi inataka wepesi, kwamba ile rozari yake siyo kipimo. Ala, nilimwambia hivyo, mzee wa watu ambaye angeweza kuwa baba yangu. Yeye akavaa kofia yake vizuri, akasema, "Haya. Saa yako ni nzuri. Twende tukapime upya, tutumie hiyohiyo saa yako." Akaenda kwa mkuu wa kisima kuomba nusu siku. Mkuu akanuna, maana walikuwa karibu kuamua kushusha mabomba na kuleta vifaa vya kufungulia kisima. Sikuyasikia maneno waliyosemezana, niliona tu mzee akirudi amekunja uso. Ila nusu siku aliipata.

Tukashusha kifaa. Kituo cha nne. Mshale ukafika pale nilipokuwa nimeandika mimi, ukapita. Ukapita, mwanangu, unaendelea tu. Nilikaa nikautazama ukipanda na moyo wangu ukishuka. Mzee alikuwa na rozari yake, mimi na saa yangu. Ulipotulia, ulikuwa mbali na namba yangu hata kipofu angeona. Cha tano vilevile. Cha sita. Cha saba kilichukua muda mpaka nikadhani tumenasa kweli, na hata mzee nilimwona anafuta uso kwa kofia. Ukatulia. Tukabandua salama.

Akanipa rula. Alinipa mimi, hakuchora yeye. Nikaziweka nukta zote saba, hata ile niliyoifuta mwanzo. Zikalala kwenye mstari mmoja, zimenyooka, hakuna iliyohitaji kulazimishwa. Ulikuwa mstari wa maji kuanzia juu hadi chini.

Nililia. Mtu mzima na cheti chake, nililia kwenye karatasi ya kazi. Mzee Pankrasi akangoja nimalize, maana kungoja alikujua, halafu akasema, "Maji si aibu. Aibu ni kuyaita mafuta." Kisha akaniuliza, "Nani mwingine umemwambia?"

Nikamweleza habari ya barua. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza. Alivua kofia kabisa. "Umewapelekea watu wanaolima? Mwezi huu? Panda lori la leo. Neno limetoka kwako, lirudishwe na wewe, usimtume mtu."

Mwezi huo, ninyi mliosomea bweni huenda mmesahau, ndio mwezi wa ntumba. Mvua bado ipo, nyasi zimefika kifuani, udongo bado laini. Unaukata udongo na kuupindua juu ya nyasi, unajenga kichuguu kinachofika magotini, na nyasi zinaozea humo ndani. Mvua za mwaka unaofuata unakivunja, unausambaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Usipolima ntumba wakati wake, mvua ikikatika udongo unakuwa tofali, na mwaka unaofuata huna ulezi. Sisi shamba letu tulilitegemea hilo. Baba yetu alikuwa amefariki, kaka yangu ndiye mwenye nyumba, na mama yako alikuwa na mimba yako.

Nilifika Mollo asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni nyasi. Shamba zima nyasi, hakuna ntumba hata moja, na majirani wote wameshavuka nusu. Ndani, baba yako amekwisha pakia begi lake, anateremka bondeni kesho yake kutafuta kazi ya udereva kwenye mafuta ya mdogo wake. Gari lenyewe alikuwa hajui hata kuliwasha! Ukutani, kando ya picha ya Bikira Maria, wamebandika ile karatasi yangu ya vijimraba. Na uani mama, bibi yako, alikuwa na vyungu vya pombe ya kimpumu tayari kwa sherehe, ulezi mzuri wote wa ghalani umeingia humo, na wageni wamealikwa kesho yake kuja kunywa kwa ajili ya mafuta ya Fulgensi.

Nikasimama mlangoni. Mama akapiga vigelegele. Mwanangu, usiombe siku ya kupigiwa vigelegele huku unajua moyoni usivyostahili. Nilimwambia, "Mama, nyamaza kwanza." Nikawaambia wote wawili hapohapo nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi sitasema. Nikasema hakuna mafuta. Nikasema sikudanganywa na mtu, nilifanya haraka mimi, niliandika kabla ya wakati. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilichutama kweli, nilipiga magoti mbele ya kaka yangu.

Baba yako alikuwa mkali, unamkumbuka. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alikwenda dirishani akatazama shamba, halafu akauliza swali moja tu, "Mvua itakwenda mpaka lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi pia sijui. Hilo ndilo ulilonifanyia."

Yale maneno, Skola, nimeyabeba mpaka leo. Alikuwa amepoteza karibu wiki mbili za udongo laini kwa neno langu. Kilimo huwezi kukirudia kama sisi tulivyorudia kupima.

Aliyetuokoa ni mama. Alikuwa ameketi kando ya vyungu vyake, amejishika shavu. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Pombe iliyokwisha iva hairudi kuwa ulezi. Wageni waje. Ila waambieni waje na majembe." Baba yako akamtazama, na mimi nikamtazama, na nakwambia kweli, kaka yangu akacheka. Kwa hasira, lakini akacheka. Akanigeukia, "Nenda wewe ukawaambie. Nyumba kwa nyumba. Na sababu uiseme."

Nikaenda. Nyumba kwa nyumba, Mollo nzima, nabisha hodi, shikamoo mzee, shikamoo mama, mafuta hayapo, nilikosea, kesho pombe ipo ila njooni na jembe. Wengine walinicheka hadi wakakohoa. Bibi mmoja aliniita "tajiri wa maji" na jina hilo lilinifuata miaka. Lakini walikuja. Unawajua watu wetu, kazi ya kualikana hawakatai, na kimpumu cha mama yangu hakikuwa cha kukataa. Walijipanga mstari shambani, wanaume kwa wanawake, nyimbo juu, na mimi katikati yao na saa yangu mkononi, malengelenge viganjani. Tulilima siku hiyo na siku mbili zilizofuata, mimi na baba yako tukamalizia wenyewe mpaka ruhusa yangu ikaisha. Hatukumaliza shamba lote. Pembe ya chini ilibaki nyasi, mvua ikakatika. Lakini ntumba zilizokuwepo zilitosha, na uji wa kwanza ulioonja wewe ulitoka kwenye ulezi wa ntumba hizo.

Kabla sijarudi kazini, baba yako aliitoa ile karatasi ukutani. Nikadhani anaichana. Akaiweka mezani, akasema, "Chora ulio sawa." Nikauchora mstari wa maji pembeni ya ule wa uongo, nikairudisha nukta niliyoifuta, na kwenye zile nukta nne za uzembe nikaandika bado, bado, bado, bado. Akaibandika tena palepale, kando ya Bikira Maria. Kila nilipokuja likizo naikuta inanitazama. Nikamwambia kaka, itoe basi, inaniaibisha. Akasema, "Hiyo si ya kukuaibisha, Fulgensi. Mgeni akiniuliza, namwambia mdogo wangu ni mtu ambaye akikosea anarudi." Huyo ndiye baba yako, usisahau.

Nami nilirudi kibandani, nikanunua rozari. Nilikaa na Mzee Pankrasi mpaka alipostaafu. Visima vingi tulipima, vingine maji, vingine gesi kidogo, na kila mahali tuliposema kitu watu walituamini, kwa kuwa walijua pale tusipojua tutaandika bado. Kisima kile cha maji nacho hakikuwa bure. Kwa vile kilipimwa sawasawa, waliofuata walijua wasipoteze nguvu upande ule, wakasogea. Huko walikosogea ndiko unakokwenda wewe.

Basi sikiliza. Mshale ukiwa bado unapanda, ngoja. Ukishindwa kungoja kwa sababu ya haki, sema umeshindwa na uandike hivyo. Nukta isiyokaa kwenye mstari wako usiifute, iulize kwanza, huenda yenyewe ndiyo inayosema kweli na mstari ndio muongo. Najua siku hizi kompyuta inachora mstari yenyewe, ulinionyesha, vizuri sana, lakini itauchora kwa namba utakazoipa wewe, na kama ulizipa haraka utakuwa umekosea kwa rangi nzuri tu. Wakubwa wa kazi wakikuharakisha, waheshimu, wajibu kwa adabu, na ungoje. Na habari ya nyumbani usiitume kabla haijaiva. Sisi huku tukisikia neno lako tunaweka jembe chini.

Chukua. Ndiyo, ndiyo ile karatasi, imekuwa njano, pembe moja imeliwa na mende. Baba yako aliniachia niitunze mpaka atokee mtu wa kwetu wa kwenda tena kupima presha, na mimi sikudhani atakuwa yule mtoto aliyekuwa tumboni siku ile. Uibandike kibandani kwako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye mteremko, akulinde na homa ya bonde, akupe jicho la kuona na moyo wa kungoja, na akukutanishe na Mzee Pankrasi wako, hata kama amevaa kofia ya sufu. Wewe una bahati kuliko sisi, na ninaamini kuna siku mshale utatulia mahali ambapo sote tutapiga vigelegele vya haki. Mpaka siku hiyo, tukikupigia simu kukuuliza, "Skola, mmepata?" usione haya kutujibu bado. Sisi tutaendelea kulima.